Barua kutoka Roma: Nile wetu kafunikwa uso

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa,

Leo nawaletea habari za jamaa yetu niliyemkuta Roma: Mto Nile, anayetoka ziwani kwetu.

Yupo Piazza Navona, kwenye chemchemi aliyoibuni Gian Lorenzo Bernini kwa agizo la Papa Innocent wa Kumi, ikazinduliwa mwaka 1651. Majitu manne ya marumaru yameketi kuuzunguka mwamba uliotobolewa katikati, na juu ya mwamba huo imesimamishwa nguzo ndefu ya jiwe. Kila jitu ni mto: Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile. Chini yao simba anainama kunywa maji, kando ya mtende. Nile amegubikwa kitambaa kichwani, kwa kuwa Ulaya ya wakati ule haikujua chanzo chake. Wapo wanaosema anajiziba asilione kanisa la mbele yake, kazi ya Borromini, hasimu wa Bernini. Porojo hizo: kanisa lilianza kujengwa 1652, chemchemi ikiwa imeshakamilika.

Sifa zote kapewa Bernini. Lakini aliyeshika patasi akamchonga Nile ni Giacomo Antonio Fancelli, na majitu mengine matatu yana mafundi wao. Fedha nazo zilitoka kwenye kodi, hata mkate ukatozwa, njaa ikiwa mjini. Wananchi wakabandika vikaratasi: tunataka mkate, si chemchemi!

Nasi yalitupata hayohayo ya sifa zote kupewa mtu mmoja. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza, Speke, alifika Mwanza, akalipa ziwa letu jina la malkia wake, Victoria, vitabu vikaandika kwamba kaligundua. Kumbe habari za ziwa alizipata Tabora kwa wafanyabiashara waliolifahamu, na safarini alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Acha wapagazi, ambao wengi wao hata majina hatuyajui.

Basi ombi langu ni moja. Mkijenga shule, kivuko au sanamu, jiwe la msingi lisibebe jina la mgeni rasmi peke yake. Yeye alikuja kukata utepe akaondoka. Mwandikeni na fundi, na vibarua wake, na wanakijiji waliochanga. Nafasi kwenye jiwe ikiwa finyu, punguzeni vyeo vya mgeni rasmi.

Wasalimuni wazee wote.

Ndugu yenu aliyeko
Roma