Kikohozi cha Salamabila kipimwe kwanza

Vidonge viwili vinavyomezwa pamoja, dabrafenib na trametinib, vilijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu iliyokwisha kuenea, na Marekani na Ulaya zikavikubali 2017. Lakini vinamfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake umepimwa ukakutwa na kasoro iitwayo BRAF V600E, wawili hivi kati ya 100. Bila kipimo, ni kubahatisha.

Salamabila, mawe ya dhahabu yanakosagwa na vumbi kuingia vifuani, mtu akikohoa miezi hudhaniwa ana kifua kikuu. Huenda anacho, na mchanganyiko wa dawa zake upo. Majaribio yaliyoanza Afrika Mashariki 1970 ndiyo yaliyofupisha matibabu kutoka miezi 18 hadi 6. Ila aliyemaliza dozi, makohozi hayaonyeshi kitu na bado anatema damu, kumrudishia dawa zilezile ni kumpotezea siku. Apigwe picha ya kifua.

Familia zilizokimbia vita hazina nauli ya kufika Kasongo, seuze Kindu. Serikali na wanaovuna dhahabu ya Namoya wailipie safari hiyo.