Tusiipime Shule kwa Nafasi Yake Katika Kata

Kila matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi yatangazwapo, vikao vya kata huanza: shule hii ni ya kwanza, ile ni ya mwisho, na mwalimu mkuu wa ile ya mwisho atoe maelezo. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, uliufanya upangaji huo kuwa shughuli rasmi; shule zikapewa hata rangi, kijani, njano na nyekundu. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kuacha kuzitaja shule bora. Uamuzi huo twauunga mkono. Hata hivyo orodha hazikufa, na sisi walimu ndio wa kwanza kujipangia.

Tuseme kata moja ya kando ya Ziwa Viktoria ina shule mbili za serikali. Ya kwanza iko sokoni. Watoto wake wengi ni wa watumishi na wachuuzi, wamepitia darasa la awali, na Kiswahili wamekizungumza tangu utotoni. Ya pili iko mwaloni. Wazazi huhama wakifuata samaki. Mtoto husoma muhula mmoja hapa, mwingine kisiwani, na wengi huingia darasa la kwanza wakijua Kisukuma tu. Sokoni wamefaulu 48 kati ya 60, yaani asilimia 80. Mwaloni 30 kati ya 60, asilimia 50. Je, mwalimu wa sokoni amemshinda wa mwaloni? Hesabu hizo haziwezi kujibu, maana hazisemi watoto walianzia wapi. Wala hazisemi ni wangapi walioandikishwa pamoja nao wakatoweka kabla ya mtihani. Hili ndilo lituudhilo zaidi: shule imbembelezayo mtoro arudi hujishushia asilimia, na ile imwachayo apotee huonekana bora.

Wapo watakaodai kwamba twawatafutia walimu wazembe kichaka cha kujifichia. La hasha. Mwaka 1966 huko Marekani, ripoti ya James Coleman, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, ilieleza kuwa hali ya nyumbani huathiri matokeo ya mtoto kuliko vifaa vya shule. Wengi huishia hapo. Lakini ripoti hiyo hiyo iliona pia kuwa ubora wa mwalimu huwagusa zaidi watoto wa jamii zilizonyimwa nafasi kuliko wenzao. Kumbe mwalimu hodari anahitajika mwaloni kuliko sokoni. Nasi mara nyingi humpeleka huko yule aliyekosa wa kumsemea!

Basi wewe mwanachuo uendaye mazoezi ya kufundisha, kabla hujauliza shule yako ni ya ngapi, omba daftari la uandikishaji. Hesabu walioanza na waliobaki. Uliza waliohamia wametoka wapi, na nyumbani kwao husemwa lugha gani. Juma la kwanza wape zoezi fupi la kusoma, juma la mwisho uwape jingine la kiasi hicho hicho, kisha uandike tofauti ya kila mtoto. Sisi wakufunzi tukija kukukagua, daftari la tofauti hizo ndilo tutakaloliomba.