Maumivu ya Saratani Yana Lugha

Wahenga walilonga kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani angali huambiwa ajikaze tu. Cicely Saunders, mwanzilishi wa hospisi ya St Christopher's iliyofunguliwa London mwaka wa 1967, alisisitiza kuwa maumivu hayakomei mwilini. Hofu na upweke huyazidisha. Hivyo basi, pamoja na mofini, mgonjwa hana budi kufunzwa kuvuta pumzi kwa utaratibu, kulegeza misuli na kuyakabili mawazo ya kukata tamaa. Je, mafunzo hayo yatamfaaje nyanya asiyejua Kiingereza? Kiswahili hutofautisha keekee ya tumbo, kichomi cha ubavu na kuwanga kwa kichwa. Wanafunzi wa Kiswahili wakishirikiana na wauguzi kuyaandaa, taaluma yao itamfaa mgonjwa, si mtahini pekee.