Kereng'ende wa Mbulu na Hanang: Kipimo cha Maji Kilicho Mikononi mwa Wananchi

Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoikumba Katesh na vijiji vya jirani Desemba 3, 2023 yaliua watu zaidi ya 80, yakabomoa nyumba na kuharibu miundombinu ya maji. Mengi yamesemwa tangu siku hiyo kuhusu makazi, misaada na usalama wa miteremko. Hali ya vijito vyenyewe imepata nafasi ndogo zaidi, ingawa ndivyo vinavyonyweshea mifugo na bustani za wakazi wa chini ya mlima.

Vipimo vya maabara ni vya lazima, lakini sampuli ya maji hueleza hali ya saa ilipochotwa. Dawa ya kuulia wadudu iliyosombwa kutoka shambani na mvua ya usiku yaweza kuwa imekwisha kupita ifikapo siku ya kuchukua sampuli. Kereng'ende hapiti hivyo. Akiwa tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mbawa, huishi majini kwa wiki au miezi, na baadhi ya spishi kwa zaidi ya mwaka, kabla ya kupanda juu ya jani, kujivua gamba na kuruka. Akitoweka mahali alipozoeleka, kuna jambo lililotokea majini au ukingoni katika kipindi hicho.

Elimu hii haitoki mbali. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutumia wadudu na viumbe wadogo wa majini, ujulikanao kwa kifupi kama TARISS. Afrika Kusini, ambako mfumo mama ulianzia, imetengeneza toleo jepesi ambalo mwanafunzi au mwanakijiji hulitumia kwa wavu na karatasi ya picha. Huko huko kuna kipimo cha kereng'ende peke yake: kila spishi hupewa alama kuanzia 0 hadi 9 kwa kuangalia upana wa eneo inakopatikana, hatari ya kutoweka na uwezo wake wa kustahimili uharibifu.

Hapo ndipo umakini unapohitajika, kwa kuwa wingi wa kereng'ende si ushahidi wa maji safi. Yupo kereng'ende mhamaji, Pantala flavescens, ambaye huonekana kwa makundi makubwa majira ya mvua na hutaga hata kwenye madimbwi ya muda. Watafiti wanamhusisha na safari ya kuvuka Bahari ya Hindi kutoka India. Anayemhesabu huyo na kutangaza kuwa kijito kimepona atakuwa amepotosha. Wenye kueleza zaidi ni wale wa kivulini, hasa jamii ya wembamba ambao wengi wao hukunja mbawa juu ya mgongo wanapotua. Miti ya ukingoni ikikatwa, hao huondoka, na nafasi yao huchukuliwa na spishi za juani zinazopatikana karibu kila mahali.

Wilaya hizi mbili zina kila sababu ya kulitazama jambo hili. Misitu ya Nou na Mlima Hanang hulisha vijito vinavyoshuka moja kwa moja kwenye makazi na mashamba. Mbulu inafahamika kwa vitunguu saumu, na Hanang kwa ngano ya tambarare za Basotu, jirani na ziwa lenye jina hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za kingo za mito na maziwa. Kuisimamia bila macho ya wakazi ni kazi ngumu.

Macho hayo yapo. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walinzi wa vijiji kutoka jamii ya Wahadzabe na majirani zao wamekuwa wakirekodi wanyamapori na uvamizi wa misitu chini ya mradi wa hewa ya ukaa. Tofauti ni kwamba kazi ile ina malipo. Kujitolea tupu hudumu msimu mmoja au miwili, kisha madaftari hubaki kabatini.

Kwa hiyo swali la msingi ni nani atakayepokea takwimu. Wilaya hizi zimo katika Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji ina makao Singida, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Jumuiya hizo ndizo mlango wa kawaida zaidi: zina wajumbe, mipaka na haki ya kuuliza bodi imefanya nini na taarifa yao.

Kwa upande wa Katesh, pasipo rekodi za kabla ya maporomoko kulinganisha kungefanywa kwa eneo: kijito kilichopitiwa na tope kikihesabiwa sambamba na kile cha upande wa mlima usioguswa, siku ileile ya jua, saa za mchana kereng'ende wanaporuka, na kamwe si wakati mvua inanyesha mlimani.