Kura ya RWC: tusichague ndugu yetu, tuchague mwenye haki



Mwezi huu kijiji chetu kinajiandaa kumchagua mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi. Watu wanatuuliza: ninyi vijana wa kujitolea mko upande gani? Leo tunajibu wazi. Tuko na mgombea tunayemuunga mkono. Ni mama mmoja, na si wa kabila la wengi wetu. Jina lake hatuliandiki hapa, kwa sababu wengi mnaosoma hamko kijiji chetu. Tunachotaka mchukue ni sababu zetu.

Kwanza tuondoe wasiwasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kujiingiza katika siasa za nchi hii, iwe za taifa au za mtaani. Kila raia wanapofanya kampeni zao, utaona vijana wenzetu wamevaa tisheti za mgombea fulani juu ya elfu tano. Hapo tunasema hapana. Siku ukikamatwa, mwenye tisheti hatakuja kukutoa. Lakini RWC ni uongozi wetu wenyewe: RWC I ya kijiji, RWC II ya zoni, RWC III ya kambi nzima. Hiyo kura ni yetu.

Wengine wanasema, "Mwenyekiti wa kijiji ana nguvu gani? Pesa ziko kwa mashirika." Tuangalie vizuri. Mwaka 2023 WFP iligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. La kwanza lilipata asilimia 60 ya mgao, la pili asilimia 30, la tatu halikupata kitu. Mwaka 2025 likaja punguzo lingine, watu milioni 1 wakaachwa bila mgao. Mwenyekiti hakuamua hayo. Lakini bibi aliyewekwa kundi la tatu kimakosa, na hajui kusoma, anaenda kugonga mlango wa nani kwanza? Na shirika likitaka watu ishirini wa kupewa mbegu, linampigia nani simu? Karatasi ya majina inaanzia kwa mwenyekiti. Chakula kinavyopungua, ndivyo hiyo karatasi inavyozidi kuwa na nguvu.

Sisi tumeiona kazi yake. Kuna wakati yalikuja magodoro, machache kuliko nyumba. Mkutano ukatangazwa kwa Kiswahili tu, ukafanyika juu ya kilima. Mama mmoja Msomali, mwenye mtoto asiyetembea, hakujua kama kuna mkutano. Na hata angejua, angempandisha mtoto vipi? Jina lake halikuandikwa. Majina ya shemeji na binamu za kiongozi yaliandikwa yote. Tunawaambia ukweli: baadhi yetu ndio tulioshika kalamu siku ile. Tuliona, tukanyamaza, juu kiongozi alikuwa wa kwetu na alikuwa anatuita kwenye vibarua. Yule mama tunapishana naye kwenye bomba mpaka leo.

Kwa hiyo tunaposema usawa, hatusemi kila nyumba ipewe kipande kimoja cha sabuni. Nyumba ya watu tisa na nyumba ya mtu mmoja wakipata kipande kimoja kimoja, hapo hakuna haki. Usawa ni kila mtu apate nafasi kulingana na hali yake, na asikose kwa sababu ya lugha, kabila au miguu yake.

Safari hii tuliwaita wagombea wote, tukawauliza maswali matatu. Utabandika orodha ya majina ukutani kabla haijaenda kwa shirika, ili watu waikosoe? Utaweka watafsiri kwenye kila mkutano? Utakubali kusimama mbele yetu kila miezi mitatu na kuulizwa?

Mgombea wa kwetu, ambaye tulikuwa tumeshakubaliana kimya kimya kumpa kura, alicheka. Akasema, "Niachieni mimi, si mnanijua? Mimi ni ndugu yenu." Yule mama akajibu moja moja. Kwenye swali la kwanza alisema orodha itabandikwa siku mbili, na jina la ndugu yake likiwemo atalitaja yeye mwenyewe mbele ya watu. Kwenye la pili alikiri hana pesa ya kulipa watafsiri, akatuomba sisi tujitolee. Tulikubali. Kwenye la tatu alisema, "Hata kila mwezi."

Tangu tulipotangaza msimamo wetu, kuna nyumba hazitusalimii tena. Tunaitwa wasaliti. Wazee wetu wanasema, "Mkimpa wa kabila lingine, nani atatukumbuka?" Hatuwadharau. Tulikotoka, wengi tulikimbia kwa sababu mtu wa kabila lingine akishika madaraka, wewe umekwisha. Hiyo hofu ni ya kweli. Lakini tukiendelea kuchagua kwa hofu hiyo, tutakuwa tumeibeba vita mgongoni mpaka hapa. Orodha iliyobandikwa ukutani inamlinda hata mzee wetu, siku ambayo sisi ndio tutakuwa wachache.

Vijana wenzetu, kumuunga mtu mkono hakuishii siku ya kura. Maswali yetu tumeyaandika kwenye daftari pamoja na majibu. Akishinda, baada ya miezi mitatu tunafungua daftari mbele yake. Akidanganya, tutasema kwa sauti ile ile tunayomsifia leo. Akishindwa, tutampelekea aliyeshinda maswali yale yale.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini mna sehemu yenu. Mkifika kijijini mkaongea na mwenyekiti peke yake, mkachukua karatasi yake na kuondoka, mnampa nguvu ambazo sisi hatukumpa. Ulizeni: orodha hii ilibandikwa wapi? Nani hakuwepo kwenye mkutano? Ni dakika tano tu.

Siku ya kura tutamleta yule mama wa magodoro kwa boda, yeye na mtoto wake. Hatumwambii amchague nani. Tunataka tu safari hii awepo.