Kutupwa leba si kufundishwa ukunga

Kila inaposikika habari ya mama aliyempoteza mtoto wakati wa kujifungua, hukumu hutoka upesi: wakunga wa siku hizi ni wa makaratasi. Wana digrii lakini mikono hawana. Wa zamani, tunaambiwa, walijifunzia leba, wakakaripiwa, wakakesha, wakakomaa. Na dawa yake inatajwa papo hapo: darasa lipunguzwe, mwanafunzi apelekwe wodini mapema, ahesabiwe watoto aliowapokea, na asidekezwe.

Hakuna anayebisha kwamba ukunga ni kazi ya mikono. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga linataka angalau nusu ya mafunzo yawe ya vitendo, na nadharia isipungue asilimia 40. Ninachokikataa ni imani kwamba leba hufundisha yenyewe, na kwamba mtu akikaa humo muda wa kutosha atatoka mkunga.

Tutazame damu. Baada ya mtoto kuzaliwa, mkunga huangalia shuka, khanga na beseni, kisha hukisia mama amepoteza damu kiasi gani. Makisio ya macho huelekea kuwa pungufu, hasa damu inapokuwa nyingi, na miaka ya kazini haiondoi kasoro hiyo. Utafiti wa E-MOTIVE, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na wahudumu wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara damu inapofika kiwango cha hatari. Akina mama waliopoteza damu ya lita moja na zaidi, waliopasuliwa kwa sababu ya damu au waliokufa kwayo, kwa ujumla wao, walipungua kwa asilimia 60. Wahudumu hao hawakuwa wageni wa leba. Uzoefu walikuwa nao tele; kilichokosekana ni kipimo, na utaratibu uliofundishwa hasa.

Mfano wa pili uko hapa hapa nyumbani Tanzania, hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Walipopimwa kwa mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini mbele ya watoto wenyewe huduma haikubadilika. Mpenzi wa hoja ya zamani atafurahi kusikia hivyo. Asifurahi mapema. Wasimamizi wa Haydom hawakuacha mwanasesere na kungoja uzoefu ufanye kazi yake; waliweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Mwanasesere yule yule, leba ile ile. Tofauti ilikuwa kurudia, na kurudia karibu na mahali pa kazi.

Sasa turudi kwa mwanafunzi na logibuku yake, daftari la kuhesabia watoto aliowapokea. Nchini Uingereza hutakiwa awe amepokea watoto 40 kabla ya kuhitimu, na nchi nyingi zina hesabu ya namna hiyo. Hesabu ina faida: inakizuia chuo kumhitimisha mtu ambaye hajamgusa mzazi. Lakini inapokuwa ndiyo kipimo chenyewe, mwanafunzi huwinda sahihi. Wodi inayopokea wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa mpigo, watano wamemzunguka mama mmoja, inaweza kumjazia kila mmoja ukurasa bila hata mmoja kuulizwa kwa nini amepima njia sasa hivi na si saa mbili zijazo. Isitoshe, uzazi wa kawaida ukiuona mara 40 haukufundishi la kufanya mabega ya mtoto yanapokwama. Tukio hilo ni nadra. Mwanafunzi anaweza kumaliza chuo asikutane nalo, kisha likamkuta wiki ya kwanza ya ajira. Mahali pa kulipima ni mtihani wa vitendo wa kituo kwa kituo, kwa mwanasesere, saa ikihesabu dakika, mbele ya mtahini asiyejua mwanafunzi huyu anapendwa wodini au la.

Waingereza wamefanya jambo moja ambalo naona linatufaa. Tangu mwaka 2018 baraza lao la wauguzi na wakunga limetenganisha kazi mbili: anayemwongoza mwanafunzi kila siku si yeye anayeamua kama amefuzu. Mwanafunzi akimwambia kiongozi wake kwamba hajaelewa, hapotezi alama.

Hilo linanifikisha kwenye ukali, ambao ndio sehemu ya imani hii inayoniumiza zaidi. Mwanafunzi anayekaripiwa kwa kuuliza hujifunza kutouliza. Akikosa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa saa nzima, ataijaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu, baadaye, nukta zimepangwa vizuri, na hakuna atakayejua. Ukali huo haubaki kwa wanafunzi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka mkoa wa Tanga uliwahoji akina mama wakitoka kituoni, na asilimia 19 wakasema walitendewa vibaya. Walipohojiwa tena wiki kadhaa baadaye, kundi lililosema hivyo lilifika asilimia 28. Sidai kwamba kila tusi la leba lilianzia chuoni. Nasema tu kwamba tunamtaka binti wa miaka 21 amsemeshe mama kwa upole usiku wa manane katika chumba ambamo yeye mwenyewe hajasemeshwa hivyo.

Pingamizi zito ni moja: wakunga hawatoshi, nani atapata nafasi ya kusimama na mwanafunzi? Ni kweli, na mzigo unaongezeka, kwa kuwa takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 81 ya uzazi Tanzania hutokea katika vituo vya afya. Ndiyo maana wodi nyingi humhesabu mwanafunzi kama mfanyakazi na kumwachia vitanda. Mzigo huo usiachwe kwa sista wa zamu aliyezidiwa. Chuo kinachopokea ada kiajiri wakufunzi wa kukaa leba, walipwe kwa kazi hiyo, na wapangwe pia zamu za usiku na za mwisho wa juma, kwani ndizo saa ambazo mwanafunzi hubaki na mzazi bila wa kumwita.