Tofali si stendi
Jumapili asubuhi, karibu mtaa wowote wa Dar es Salaam, hukosi kuona miguu ya mtu imechomoza chini ya gari, kandambili zimeachwa pembeni. Kumwaga oili mwenyewe ni jambo jema. Ugomvi wangu ni kile kilicholishikilia hilo gari. Mara nyingi ni jeki peke yake, au tofali la saruji. Jeki ya mafuta kazi yake ni kuinua, basi. Sili ikichoka gari linashuka, na sili haipigi hodi. Tofali ni baya zaidi, hasa lile lenye matundu: halipindi, halilalamiki, linapasuka ghafla. Nunua stendi mbili za chuma, au rampu za kupandishia, na usome uzito zinaoubeba. Rampu zikae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si kwenye mchanga wetu huu, na anayekuelekeza asimame ubavuni, asithubutu kukaa mbele. Kisha handbreki. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: katika magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua nyuma kwa jeki haikusaidii kitu. Weka kabari matairi ya mbele, mbele na nyuma yake. Kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa nguvu uone kama linayumba. Jirani akicheka, mwache acheke. Watoto waitwe ndani. Oili chafu ikinge kwenye beseni, uihifadhi kwenye dumu, usiimwage mtaroni. Hawakosekani wanaoitafuta wapake nguzo zao kuzuia mchwa.